Uso Wangu Juu ya Bungoma

Kibomet, Kitale
Jumanne, 11 Februari 2025

Mama Deep,

Usishtuke kuona karatasi badala ya kusikia simu. Simu nimeitoa betri nikaifungia kabatini pamoja na vyeti vya marehemu mume wangu. Imelia siku tano bila kupumua. Kuna mzee wa Cheptais, simjui, namba sijui alipewa na nani, ananiuliza ng'ombe wake akikohoa abonyeze wapi. Abonyeze wapi! Nikamwambia ambonyeze chini ya sikio aone kama kuna uvimbe, halafu aite daktari. Akakata simu akisema naringa kwa sababu nimekuwa mtu wa matangazo.

Siku hiyohiyo Kiragu wangu akapiga kutoka Nakuru, anacheka. "Mathe, umekuwa staa!" Ana rafiki anayesoma Kibabii, alipita mjini Bungoma akaona bango, akalipiga picha. Ilibidi niende kwa mwalimu wa nasari mwenye simu kubwa ndiyo nilione. Ni mimi, Mama Deep. Mimi na ng'ombe wangu Kanini, tumekuwa wakubwa kama nyumba, juu ya paa la ghorofa fulani hapo kwenu. Nimecheka mpaka pengo la jino linaonekana. Chini wameandika, kwa jina langu la kuzaliwa: MAMA NYARUAI HAITI DAKTARI TENA. ANAPIGA PICHA TU. Halafu jina la hiyo kitu: ZiziJanja.

Ati ni programu ya simu. Unampiga ng'ombe mgonjwa picha, simu inakwambia anaumwa nini na ununue nini. Sasa nikuulize wewe unayeijua simu yangu, ile ya kubonyeza, yenye tochi. Itapiga picha na nini? Na tochi?

Ningecheka na mimi, lakini Nelima amefiwa na ng'ombe. Nelima ni jirani yangu, ua kwa ua, nimekutajia mara nyingi. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, ndiye aliyesomesha binti yake Emmy. Huyo Emmy yuko kazini Eldoret. Akaniona kwenye simu nikicheka, akamnunulia mamake simu kubwa na kumlipia ZiziJanja ya mwaka mzima. Ng'ombe akaacha kula Alhamisi. Nelima akampiga picha. Hapa kwetu netiwaki unaijua, picha ikazunguka Alhamisi, ikazunguka Ijumaa. Jumamosi jibu likaja kwamba ng'ombe amekosa madini, anunuliwe chumvi yao. Jumapili asubuhi akafa. Ilikuwa ndigana, ile homa ya kupe, Mama Deep! Ndigana ambayo mimi naijua kwa vidole hata nikifumba macho, nami nilikuwa hapa, ng'ambo ya ua, nikipepeta maharagwe.

Nikaenda kumpa pole. Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Mama Kiragu, si ni wewe ulisema huiti daktari tena?"

Miaka ishirini na sita wanawake wa hapa wamekuwa wakiniletea ng'ombe wao niwaguse kabla hawajamwita daktari. Sina cheo kingine duniani. Hicho ndicho wameninyang'anya, na hawakuniuliza.

Kwa hivyo nakuomba. Wewe uko mjini hapo. Nenda ukatazame hilo bango liko juu ya nyumba ya nani. Nipe jina la mwenye nyumba tu, mengine niachie mimi. Nataka lishushwe, na nataka Nelima aone limeshushwa.

Barua nimeiweka ndani ya mkebe wa samli, ofisi ya mizigo wanaujua. Msalimie Deep.

Mama Kiragu


Bungoma
17 Februari 2025

Mama Kiragu wangu,

Samli imefika, asante sana, haikumwagika hata kidogo safari hii. Barua ilikuwa imelowa pembeni lakini nimesoma yote. Arre, pole. Pole kwa Nelima pia. Mtu mwenye ng'ombe mmoja akifiwa ni kama duka kuungua.

Bango nimeliona. Ni kubwa, siwezi kukudanganya. Ni kitambaa cha plastiki kimefungwa kwa vyuma, na upepo ukivuma jioni kinapiga pu! pu! mpaka mtu anashindwa kusikia redio. Liko barabara kuu. Unajua barabara kuu ilivyo, majumba yamebanana, huyu amemwuzia yule, yule amemkodishia mwingine, mpaka ujue paa ni la nani umeshazeeka. Nitauliza. Nipe muda kidogo.

Lakini nikuulize, usikasirike. Hawa watu wanasema hawaweki uso wa mtu bila sahihi yake. Je, ulisaini kitu? Hata kidogo? Na kama kuna kitu walikupa, hata ukiniambia mimi, mimi ni nani wa kusema? Nitafurahi tu kwa niaba yako.

Umetoka vizuri sana kwenye picha lakini. Kitambaa ulichojifunga kichwani ni kile cha maua nilichokupa Diwali, nimekijua mara moja.

Hapa dukani kimya. Watu siku hizi wanachagua nguo kwa simu, inaletwa imeshashonwa. Wanaingia kwangu kuuliza choo.

Bhavika


Kibomet
Jumapili, 23 Februari 2025

Mama Deep,

Nimesaini. Ndiyo. Nilipokea barua yako nikakaa chini kwenye gunia, nikakumbuka.

Ni siku ile ya maonyesho ya kilimo hapa Kitale, mwaka jana, Kanini aliposhika namba mbili. Natoka uwanjani nimemshika kamba, utepe uko shingoni mwake, nacheka kama mtu aliyeolewa jana. Kibanda kimoja kina wasichana wenye fulana za kijani. "Mama, hongera, karibu soda." Nikakaribia. "Mama, tupige picha na bingwa." Tukapiga. "Mama, kabla hujaenda, utusainie kitabu cha wageni."

Sasa niambie, katika Kenya hii kuna mahali mtu anaingia bila kusaini kitabu cha wageni? Kwa chifu, kitabu. Shuleni, kitabu. Hospitalini umeenda kumwona mgonjwa, kitabu. Matangani, umekuja kulia, bado hujafuta machozi unawekewa kitabu mbele: jina, kitambulisho, namba ya simu, sahihi. Nilikuta watu watatu wameshasaini, nikawa wa nne. Nani husoma kichwa cha kitabu cha wageni? Wewe ulishawahi kusoma? Wamejua hatusomi. Ndiyo maana wakakiita hivyo.

Na hicho kicheko kilikuwa cha Kanini. Walikichukua kicheko cha ng'ombe wangu wakauzia programu yao.

Hawakunipa kitu isipokuwa soda ya machungwa na kofia. Kofia nimekivisha kibanda cha kuku. Umeuliza swali hilo kwa namna ambayo sikuipenda, lakini wacha.

Mambo hapa yamekuwa mabaya. Asubuhi tunapopeleka maziwa barabarani, wanawake wakiniona wananyamaza. Juzi Chepkorir alikuwa na ndama anayeharisha, akampitisha mbele ya lango langu mchana kweupe akimpeleka kwa mtu mwingine. Mbele ya lango langu! Nikimweleza mtu kwamba sikusema maneno yale, ananijibu, "Lakini si ni wewe kwenye picha?" Nitasema nini? Ni mimi kwenye picha.

Nelima hanisalimii. Amefunga hata ule mwanya wa ua tuliokuwa tukipitishiana moto.

Jina la mwenye nyumba, Mama Deep. Siku kumi na mbili sasa. Bungoma si Nairobi.

Mama Kiragu


Bungoma
5 Machi 2025

Mama Kiragu,

Nimechelewa, ninajua. Nilikuwa na mafua, halafu tukawa na wageni kutoka Kisumu, halafu nikasema nisikuandikie mpaka nipate habari za maana.

Habari yenyewe ni hivi. Mwenye nyumba amefunga mkataba wa mwaka mzima na kampuni ya mabango, mpaka Novemba. Akivunja mkataba watampeleka kortini. Ni mtu ambaye pia ana shida zake, tusimhukumu haraka. Kwani huwezi kungoja? Novemba si mbali. Mvua ikija, kile kitambaa huenda kikachanika chenyewe.

Nilimwuliza Deep kitu ambacho kilikuwa kinanisumbua. Nikamwambia, sisi wa mjini ng'ombe tunamwona kwenye pakiti ya maziwa tu. Kwa nini waweke bango la ng'ombe hapa na wasiweke huko kwenu? Akacheka. Akasema, "Mummy, tangazo si la mwenye ng'ombe. Mwenye ng'ombe hana bando. Ni la mtoto wake aliye mjini, hajaenda nyumbani tangu Krismasi na moyo unamsuta. Anaona uso kama wa mamake, unacheka, analipa hapohapo barabarani, anaenda zake kazini moyo mwepesi." Akasema walipiga picha za akina mama arobaini kwenye maonyesho, na uso wako ndio uliowashinda wote, kwa sababu ya pengo. Pengo linamfanya mtu aamini.

Mimi nilidhani nikikwambia hivyo utaona si kosa lako. Hukumdanganya Nelima. Hata hawakuwa wakizungumza na Nelima.

Na kama utakubali, ninaweza kuwaambia wakupe kitu kidogo cha shukrani. Unasaini, yanaisha.

Bhavika


Kibomet
Jumapili, 9 Machi 2025

Bhavika,

Nilisoma barua yako mara tatu. Mara ya tatu nikajiuliza, Deep alijuaje kwamba walipiga akina mama arobaini? Mtoto wa duka la vitambaa anajuaje uso upi uliwashinda wote?

Jana nilikuja Bungoma. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kuja kwako wala haikuchukua asubuhi nzima.

Sikuja peke yangu. Nilimbembeleza Nelima siku mbili, nikapiga magoti kwenye ua, mimi mwenye magoti haya. Nikamwambia twende uone ninavyopambana nao, uone nikimshika mwenye nyumba kola. Akakubali. Tukafika barabara kuu, tukainua macho. Nilijiona. Kisha nikashusha macho kidogo kidogo, ghorofa ya pili, madirisha ya kijani, ghorofa ya kwanza, kibao cha duka ambacho nimeingia chini yake miaka thelathini kunywa chai.

Nelima akaniuliza, "Nyumba ya nani hii?"

Nikamwambia, "Ya rafiki yangu."

Unajua alifanya nini? Alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Mama Kiragu, nyinyi watu mnajua kugawana," akavuka barabara akatafuta gari la kurudi. Hakukaa kiti kimoja na mimi.

Nilisimama pale mbele ya duka la viatu nusu saa. Pazia la juu lilisogea. Nililiona, Bhavika. Kisha yule msichana wako wa dukani akatoka akafunga mlango wa duka, Jumamosi, saa tano asubuhi, wateja wako nje.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeimba methali hiyo tangu shule ya msingi, na sikujua kumbe nguo zenyewe nilinunua kwako.

Usiniandikie.

Nyaruai


Bungoma
12 Machi 2025

Mama Kiragu,

Umesema nisikuandikie. Naandika. Ukitaka washia moto.

Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilikuona ukinyanyua kichwa. Nilimwambia msichana afunge mlango kwa sababu niliogopa kushuka ngazi nikutazame. Mtu wa umri wangu, na nywele hizi nyeupe, nimejificha kama mwizi wa kuku.

Sasa nitasema yote. Deep alikodisha paa letu Novemba. Alihitaji hela, duka halilipi hata umeme, sikumkataza. Mwanzo lilikuwa tangazo la rangi za nyumba. Kisha asubuhi moja ya Januari nikapanda kuanika nguo, nikakuta vijana wanafunga kitambaa kipya. Nikateremka mpaka barabarani kutazama. Nikakuona! Mama Kiragu, nilipiga makofi. Nilimwita hata muuza viatu, "Huyu ni rafiki yangu, huyu ni mtu wa nyumbani kwangu!" Nilifikiri umekubali na umelipwa vizuri.

Halafu siku zikaenda hukuniambia neno. Samli ya Januari ikaja na salamu mbili tu. Nikasema, ah, kumbe. Amepata hela amenificha. Amefikiri mimi Mhindi nitamwonea wivu kwa pesa ya bango. Nikakununia mwezi mzima bila wewe kujua. Ndiyo maana nilikuuliza walikupa nini.

Barua yako ya kwanza ilipofika nikaanza kuona huenda nimekukosea mara mbili. Lakini ulikuwa umeandika "nipe jina la mwenye nyumba, mengine niachie mimi." Na jina lilikuwa langu. Nilishika kalamu kukuandikia, nikajikuta naandika habari za upepo. Ukishaanza uongo mmoja, wa pili unajileta wenyewe na kiti chake.

Sina la kujitetea. Nilikuwa mwoga tu.

Bhavika


Bungoma
27 Machi 2025

Mama Kiragu,

Sijapata jibu, na sidai jibu. Nataka tu ujue.

Jumatatu nilimwambia Deep alishushe. Akakataa. Akanionyesha mkataba, kurasa tisa, akanieleza faini, akaniambia, "Mummy, ni picha tu." Nikamwambia nimelala chini ya hiyo picha miezi miwili na haijawahi kufumba macho. Akatoka akaenda Webuye kwa shughuli zake.

Basi nikachukua ule mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa vya suti, nikapanda. Sikuita fundi. Niko na miaka sitini na tatu, magoti yananiuma, msichana wangu ananililia kutoka chini, "Mama utaanguka!" Nilikuwa upande wa nyuma, kwa hivyo sikuona nakata wapi. Nilisikia tu watu barabarani wanapiga kelele, boda boda wanapiga honi. Baadaye nikaambiwa nilikuwa nimeanza na macho yako. Unisamehe kwa hilo pia.

Lilianguka lote upande wa barabara, likafunika kibanda cha muuza viatu. Kampuni wameleta barua ya wakili. Deep hazungumzi na mimi, anakula chakula amesimama. Wacha asimame.

Paa sasa liko wazi. Mwambie Nelima.

Bhavika


Bungoma
22 Aprili 2025

Mama Kiragu,

Nimekaa na hii kalamu siku mbili. Nilitamani nisiwe mimi wa kukuambia, lakini nilikuapia moyoni kwamba sitakuficha tena, hata la kuudhi.

Wameweka bango jingine. Si kwangu. Ni ng'ambo ya barabara, juu ya lile jengo la vioo, linatazama dirisha langu uso kwa uso.

Ni mwanamke mwenye kitambaa cha bluu. Ameshika mtamba mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji. Anacheka. Wameandika: MAMA NELIMA ALIPOTEZA NG'OMBE. SASA HAPOTEZI TENA.

Sikuwahi kumwona Nelima isipokuwa mara ile, kupitia pazia. Lakini ni yeye. Niambie kwamba nimekosea.

Bhavika


Kibomet
Jumapili, 18 Mei 2025

Mama Deep,

Hukukosea.

Nimekaa kimya kwa sababu kila nikishika kalamu ilikuwa inatoboa karatasi. Leo hasira imepoa kidogo. Barua zako zote nilizisoma. Hiyo ya mkasi niliisoma nikiwa nimekasirika nawe, nikacheka bila kupenda, nikakasirika tena kwa sababu umenichekesha.

Nilimpelekea Nelima habari kwamba bango limeshushwa. Nilienda mbio, kanga iko begani, kama mtu anayepeleka habari ya mtoto kuzaliwa. Akanisikiliza akiwa anafagia. Akasema, "Ndiyo, wameniambia." Nikauliza, akina nani? Aliendelea kufagia. Wiki iliyofuata lori likasimama kwake, likashusha mtamba mwenye utepe, na wale wasichana wa fulana za kijani. Kumbe Emmy alikuwa amelalamika mtandaoni, na kampuni ikaona badala ya kesi, heri picha.

Nilishindwa kuvumilia. Nilimwita pale kwenye ua. "Nelima! Watu waliokuulia ng'ombe?" Unajua alinijibu nini? "Waliniua, na wamenifufua. Wewe ulinipa nini? Ulinipa pole." Nikamwambia, lakini unajua ni uongo, mimi angalau sikujua. Akasema, "Mama Kiragu, si hata wewe ulicheka. Tofauti yetu ni kwamba mimi nimelipwa."

Mama Deep, nilirudi ndani nikalia. Nimezika mume sikulia vile. Nilikuwa nimepigania jina langu machoni pa mtu mmoja, huyo huyo, na yeye akaenda akaliuza lake. Na wanawake wakazidi kuamini! Kama aliyefiwa ndiye anayesifu, nani atapinga? Watatu wakanunuliwa simu na watoto wao mwezi huo huo. Na uso wangu bado unazunguka kwenye masimu ya watu. Huo hauna paa la kupanda na mkasi.

Sasa sikia. Jumanne iliyopita, alfajiri, nakamua. Nasikia mtu ananiita kwa sauti ya chini upande wa majani ya nepia. Ni Nelima. Macho mekundu. Mtamba ameacha kula tangu jana, anahema. Nikamwuliza, na simu inasemaje? Akainama. Akasema, "Njoo umguse. Tafadhali. Lakini uje kwa huku nyuma, upitie kwa nepia, wale wanawake wasikuone. Kampuni wanakuja Alhamisi kupiga video. Wakisikia nimemwita mtu watamchukua mtamba."

Nilimaliza kukamua. Sitakudanganya, kuna kitu ndani yangu kilisema wacha afe huyo pia, na utepe wake. Nilikisikia vizuri kabisa, kwa sauti yangu mwenyewe. Lakini ng'ombe hajasaini kitabu cha mtu.

Nikaoga. Nikavaa gauni la kanisani. Nikangoja mpaka saa mbili, saa ambayo gari la maziwa linasimama mbele ya lango la Nelima na wanawake wote wamepanga foleni na mikebe yao. Nikatoka, kipimajoto mkononi, sikukificha mfukoni. Nikapita katikati yao. Chepkorir akaniuliza, "Mama Kiragu, na hicho unaenda nacho wapi?" Nikasema, "Naenda kumwona mgonjwa." Nikafika langoni nikapiga hodi mpaka kuku wakaruka.

Nelima akatoka na kamba mkononi. Akaniona mimi, akaona nyuma yangu wale wote wameacha mikebe yao wanatazama. Nilijua nimemweka pabaya, Mama Deep. Nilijua, na nilisimama. Angeweza kusema hapa hakuna mgonjwa, umekosea nyumba. Ningerudi nyumbani, na hilo lingekuwa la mwisho kwangu katika kijiji hiki.

Aliizungusha kamba kiganjani. Kisha akainua sauti, wote wakasikia. "Ameacha kula tangu jana. Simu imesema chumvi. Mimi sijui, Mama Kiragu. Ingia umshike."

Nikamshika. Chini ya sikio, vivimbe viwili kama mayai ya kwale. Joto arobaini na moja. Wanawake walikuwa wameshaingia, wamejaa zizini, na Chepkorir ndiye aliyempigia daktari Bethwel. Alifika kabla ya saa nne, akapiga sindano. Mpaka ninavyoandika mtamba anakula na amenirushia teke moja, ni dalili nzuri.

Alhamisi wale wa kijani walikuja na kamera zao. Nelima akawaambia daktari amekuja, na nani aliyemgundua, na kwamba hasemi mengine. Waliondoka bila kupiga video. Kama watarudi kumchukua mtamba, hatujui. Nelima amefunga lango kwa mnyororo na sisi wengine tunapokezana kukaa na yeye.

Na wewe sasa. Sijui nikusemeje. Wewe ulinificha, yeye akataka nijifiche, na kila mmoja aliniambia ni kwa sababu ana shida zake. Nimechoka, Mama Deep. Shida zenu zinaniumiza mgongo. Lakini mwanamke wa miaka sitini na tatu aliyepanda juu ya paa na mkasi, mbele ya Bungoma nzima, siwezi kusema simjui.

Njoo Kibomet. Uje Jumamosi, saa mbili asubuhi, gari la maziwa likiwa limesimama. Usipitie kwa mtu yeyote, usijifunike kichwa. Shuka hapo mbele ya wote, useme jina lako na useme nyumba ilikuwa ya nani. Nitakuwa langoni, na nikikuona nitakuita kwa sauti kubwa uingie.

Mama Kiragu